Nani Mwingine Ananunua? Vichwa Vipya vya Treni na Hesabu za Reli za Mizigo

Mwaka 2021 kampuni ya reli ya BNSF na mtengenezaji Wabtec walijaribu kichwa cha treni cha betri kati ya Barstow na Stockton, California. Kikivuta pamoja na vichwa vya dizeli, kiliokoa zaidi ya asilimia 11 ya mafuta ya treni nzima. Wapo wanaoona akiba hiyo yatosha, na kwamba kampuni za Marekani zinazosita zimezubaa tu. Makala hii inapinga hoja hiyo: faida ya teknolojia mpya haipimwi ndani ya kampuni moja.

Historia ya dizeli yaonyesha hivyo. Kwamba dizeli iliushinda mvuke, hakuna anayebisha; ubishi uko kwenye sababu. Mhandisi H. F. Brown alidai kwamba faida za dizeli zilitiwa chumvi. Mwanahistoria Albert Churella (1998) anaulaumu utamaduni wa watengenezaji wa injini za mvuke, walioshindwa kubadilika. Maelezo yake yanawatosha wauzaji. Hayamtoshi mnunuzi aliyejiundia injini mwenyewe.

Mnunuzi huyo ni kampuni ya reli ya Norfolk and Western. Makaa ya mawe, shehena yake kuu, ndiyo yaliyokuwa nishati yake, na injini iliziunda katika karakana zake za Roanoke, Virginia. Huduma nayo ilipangwa kama kiwandani hasa: injini iliingia bandani, mafundi wakavuta mipira na kushindilia grisi kwenye maungio kwa mashine, kisha ikarudi njiani bila kulala. Mwaka 1952 kampuni ilizishindanisha injini zake na dizeli za General Motors. Matokeo yalikaribiana mno. Mshindi wa wazi hakupatikana. Hata hivyo, injini yake ya mwisho ya mvuke ilitoka Roanoke mwaka 1953, dizeli za kwanza zikaingia mwaka 1955, na kufikia 1960 mvuke ulikuwa umekwisha.

Ni nini kilibadilika? Si ubora wa injini zile. Reli nyingine zilikuwa zimehamia dizeli, na waliokuwa wakiuza vipuri vya mvuke wakafunga au wakageukia biashara nyingine. Kipuri kilichokuwa kikinunuliwa dukani sasa kilihitaji kuagizwa peke yake, kwa bei ya peke yake.

Itasemwa kwamba dizeli ilipunguza wafanyakazi, na kwamba uongozi mpya wa kampuni wa 1958 ndio uliouzika mvuke. Lakini nafuu ya wafanyakazi ilijulikana tangu 1952, na ununuzi wa dizeli uliutangulia uongozi huo kwa miaka mitatu. Uongozi uliharakisha tu safari iliyokwisha kuanza.

Kwa hiyo anayesubiri betri leo huenda anahesabu sawasawa: faida yake inategemea nani mwingine ananunua. Ruzuku ya kuipa kila kampuni kichwa kimoja cha majaribio itazaa taarifa nzuri na vichwa vya maonyesho. Oda ya pamoja, yenye vipuri vya aina moja, ndiyo itakayoleta mageuzi.