Jioni Bila Feza Nyingi: Tulivyokuwa Tunakutana Uvira na Kando ya Ziwa



Kwenye kikao kilichopita tulibishana sana juu ya mstari mmoja mdogo wa bajeti: feza ya jioni ya wanachama. Kuko waliosema tuufute, maana watoto wana deni la masomo na kucheka kunaweza kungoja. Wengine wakasema tukutane nganda, kila mtu ajilipie chupa yake. Ndipo wamama wajane, waliokuwa wamekaa nyuma, wakasema neno moja tu: "Ku nganda hatuendi, na usiku hatutembei." Kikao kikaisha bila jibu. Tumeona vizuri, mbele ya kupiga kura, tuangalie nyuma kidogo. Wazee wetu walipitisha jioni namna gani, na nani alilipa?

Kwetu huku jioni ilipangwa na mwezi. Ndakala wanavuliwa gizani: taa inawashwa juu ya maji, samaki wanakusanyika chini ya mwanga, wavu unapandishwa. Mwezi ukijaa, ziwa lote linang'aa na taa ya mvuvi haina nguvu tena. Basi siku hizo mitumbwi inalala, na wababa ambao kila usiku wako majini wanabaki nyumbani, toka Kalundu mpaka Makobola na Baraka. Njia nayo inaonekana bila taa. Ngoma na hadithi zilipenda siku kama hizo. Mmoja alileta muhogo wa kuchoma, mwingine kasiksi, mwingine kuni, na asiye na kitu alileta sauti yake.

Jambo hilo halikuwa la kando ya ziwa peke yake. Kule Walikale, kwa ndugu zetu Banyanga, mwaka 1956 mtaalamu Mbelgiji Daniel Biebuyck aliandika hadithi ndefu ya Mwindo kutoka kinywani mwa Shekarisi Rureke. Kazi ile ilichukua siku 12. Rureke alisimulia, akaimba na kucheza. Watu wa kwao wakapiga mdundo na kuitikia nyimbo. Hapakuwa na mlango wala tikiti. Anayeitikia alikuwa amelipa tayari.

Misheni nazo zilileta jioni za namna yake. Wapentekoste wa Sweden walifika Uvira mwaka 1921, na mapadri Waksaveri mwaka 1958. Kwaya zikaingia na mazoezi yake ya magaribi, na mpaka leo kwaya ndiyo burudani ya bei ndogo kuliko zote katika mji huu: unaleta koo tu. Sinema nayo ikafika Kivu. Bukavu, Mapadri Weupe walitengeneza filimu za kuonyeshwa Waafrika. Lakini kwenye sinema mtu alikaa akatazama kile ambacho wengine walimchagulia, na hakuna aliyemuuliza anaitikia nini.

Wakati ule ule jioni iliwekewa saa ya mwisho. Katika miji ya Congo ya Wabelgiji, Mwafrika hakuruhusiwa kutembea usiku katika mitaa ya Wazungu kuanzia saa tatu. Tukumbuke jambo hilo, maana litarudi tena na tena: mtu anaweza kupata muziki wa bure, lakini kama njia ya kurudi nyumbani imefungwa, jioni yake imekwisha.

Baada ya uhuru, na kisha uasi wa 1964 uliomwaga damu nyingi Uvira na Fizi, tukaingia wakati wa Zaire. Wazee kati yetu wanausimulia kwa kicheko. Rumba ilijaa kwenye redio, na redio moja ilitosha avenyu nzima: mwenye nayo aliiweka dirishani, majirani wakaleta viti vyao. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kwenye Kombe la Dunia. Tulifungwa 9–0 na Yugoslavia, na hata aibu ile tuliibeba pamoja. Nganda nazo zilikuwepo, zikang'aa. Ila nganda ina sheria yake: unakaa kwa sababu umenunua. Feza ikiisha, kiti nacho kinaisha. Mama mwenye watoto hakukitafuta kiti kile, na aliyekitafuta alisemwa vibaya.

Kisha ikaja Oktoba 1996. Vita ilipoingia Uvira, wengi wetu tulivuka ziwa kwenda Kigoma, na waliobaki walifunga milango saa kumi na mbili. Vita ya 1998 ikafuata, na mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka ule. Watu wa wakati huo hawasemi kwamba walikosa burudani. Wanasema walikosa usiku. Mbwa akibweka, taa inazimwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wafadhili wetu wengine hawalijui. Kule Lugufu na Nyarugusu hatukuwa na kitu. Tulikula posho ya unga na maharagwe, na hatukuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Lakini jioni zilikuwepo! Kwaya ziliimba mpaka giza likaingia. Vijana walipasha ngoma moto kwa majani makavu. Kuko vibanda vya video vilivyoonyesha filimu za kupigana, na mtu mmoja alisimama kando akizitafsiri kwa Kiswahili na kuongeza maneno yake, tukacheka kuliko filimu yenyewe. Shirika la FilmAid, lililoanza mwaka 1999 katika makambi ya Wakosovo kule Makedonia, lilikuja kwenye makambi ya Kigoma na skrini kubwa ya wazi, na watu wakaketi chini kwa mamia bila kulipa.

Tumejiuliza mara nyingi: kwa nini tulicheka pamoja ukimbizini kuliko nyumbani? Jibu ni la miguu. Kule nyumba zilikuwa karibu, na kila mtu alirudi na jirani yake kwa dakika chache. Mama mjane alikuja kwa sababu alijua atarudije.

Oktoba 2005 safari za kurudi zilianza, kutoka Kigoma mpaka Baraka kwa meli. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Tuliorudi Uvira hatukurudi kwenye avenyu moja. Mmoja alipata kiwanja Kavimvira, mwingine chumba Kasenga, mwingine akaenda Kalundu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu. Ziwa nalo likapanda na kumeza nyumba za pwani. Desemba ile ile kukawekwa marufuku ya kutembea nchini kote kuanzia saa tatu usiku, kwa sababu ya Korona. Tulitawanyika mara nyingine, safari hii ndani ya mji wetu wenyewe.

Matokeo yake tumeyaona. Mwenzetu mmoja aliugua, akalala majuma matatu bila mtu wa shirika kufika kwake. Likelemba yake ililipwa na mtoto, basi kwenye daftari alikuwa "sawa". Daftari haliulizi fulani yuko wapi. Jioni ndiyo inauliza, kwa sababu kiti chake kinabaki wazi.

Kwa hiyo komite inaleta pendekezo hili kwenye kikao kijacho. Tukutane mara moja kwa mwezi, mwezi ukiwa umejaa, kuanzia saa kumi mpaka saa moja na nusu. Tukutane nyumbani kwa mwanachama, kartie kwa kartie kwa zamu, wala tusiende nganda. Kila mtu alete chakula kidogo, na asiye nacho alete hadithi au wimbo. Likelemba ilipwe kwanza, kisha majina yasomwe, na kwa kila asiyefika wapangwe wawili wa kumtembelea kesho yake. Kurudi tutarudi kwa makundi, kila kartie na kundi lake, wamama wakifikishwa mlangoni. Kama usalama si mzuri siku hiyo, tunaahirisha bila kubishana.

Feza ya bajeti itatumika kwa vitu vitatu tu: taa ya sola, kukodi viti, na pikipiki kwa wazee na walemavu. Wafadhili wetu, mkiuliza kwa nini tunaomba feza ya starehe, jibu letu ni hili: kicheko tutakileta wenyewe, kama siku zote. Ninyi tusaidieni njia ya kurudi nyumbani.

Na kwenye kikao hicho, tunaomba wamama waliokaa nyuma wakae mbele, na waseme wa kwanza.