Maji ya Kisima na Zebaki ya Mwaloni: Kahama na Geita

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, shida ya maji mkoani Shinyanga ilipimwa kwa idadi ya ndoo na urefu wa mwendo wa kuyafuata, na ilikuwa nadra kuulizwa maji hayo yalibeba nini. Visima vingi vya mkoa huo vilikuwa na floraidi, yaani madini yayeyukayo kutoka miambani, ambayo yakizidi huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia na, baada ya miaka mingi, hukakamaza mifupa. Kuyachemsha maji hakukusaidia, kwa kuwa maji hupungua na floraidi hubaki. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, ilhali Shirika la Afya Duniani lilikuja kupendekeza 1.5. Ulikuwa uamuzi mzito, lakini kuvifunga visima hivyo kungewaacha wengi bila maji yoyote.

Sumu ya pili, zebaki, ililetwa na mikono ya watu. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na dhahabu ilipotafutwa tena kwa wingi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, wachimbaji wadogo ndio waliotangulia. Mawe yaliyosagwa kwa karasha huoshwa mwaloni, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, mchanga mzito ukakorogwa na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Tonge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa juu ya makaa mpaka zebaki ipae. Mvuke huo, unaodhuru mishipa ya fahamu na figo, ndio hatari iliyo karibu zaidi, naye aitafutaye zebaki katika maji ya kunywa peke yake huikosa sehemu kubwa ya madhara yake. Zebaki inayofika mitoni hugeuzwa na bakteria kuwa zebaki ya kikaboni, ambayo hujilimbikiza katika samaki, kama ilivyojilimbikiza Minamata, Japani, ambako ugonjwa utokanao na zebaki hiyo ulitambuliwa mwaka 1956.

Bomba la Ziwa Viktoria kutoka Ihelele, lililozinduliwa mwaka 2009, liliupatia mji wa Kahama, mkoani Shinyanga, maji yasiyotegemea miamba ya visimani. Uchenjuaji wa dhahabu, hata hivyo, haukubadilishwa na bomba. Marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, huchenjuliwa upya kwa kemikali ya sianaidi, nayo huiyeyusha zebaki iliyosalia na kuirahisishia safari ya kuingia majini. Ndiyo sababu Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unataka marudio yaondolewe zebaki kwanza.