Kocha msaidizi anapohamia kwa hasimu: Kisa cha Michigan na Ohio State

MWANZONI mwa Januari 2019, makocha wasaidizi wawili wa timu ya kandanda ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan walifungasha virago na kujiunga na Chuo Kikuu cha Ohio State, hasimu mkubwa kuliko wote wa timu waliyoihama.

Wawili hao walikuwa Greg Mattison, aliyekuwa akiinoa safu ya mbele ya ulinzi, na Al Washington, aliyewafundisha walinzi wanaosimama nyuma ya safu hiyo. Uhamisho wao uliwachoma mashabiki wa Michigan kwa kuwa kidonda kilikuwa bado kibichi. Tarehe 24 Novemba 2018, timu yao ilikuwa imecharazwa na Ohio State kwa pointi 62 kwa 39 mjini Columbus.

Kandanda ya Kimarekani huchezwa kwa mpira wenye umbo la yai, na wachezaji huutumia zaidi kwa mikono. Nchini humo, timu za vyuo vikuu zina wafuasi wengi mno. Viwanja vya Michigan na Ohio State kila kimoja huchukua watazamaji zaidi ya 100,000.

Uhasama wa tangu jadi

Majimbo ya Michigan na Ohio yanapakana, na ugomvi wao ulitangulia mpira. Mwaka 1835 wakazi wa pande hizo mbili waliandaa wanamgambo wakigombea ukanda wa Toledo. Hatimaye Ohio iliupata ukanda huo, nayo Michigan ikafidiwa kwa ardhi ya kaskazini.

Timu za vyuo hivyo zilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1897, Michigan ikashinda kwa pointi 34 kwa 0. Tangu mwaka 1935 mechi yao imekuwa kwa kawaida ndiyo ya kufunga ratiba ya msimu. Kwa sababu hiyo, kocha anayeipoteza huishi na lawama kwa mwaka mzima.

Kisa cha mwanafunzi kumgeukia mwalimu wake si kigeni katika uhasama huo. Bo Schembechler alikuwa msaidizi wa Woody Hayes, kocha mashuhuri wa Ohio State, kuanzia mwaka 1958 hadi 1962. Baada ya kuiongoza timu nyingine kwa miaka sita, alikabidhiwa Michigan mwaka 1969.

Katika msimu wake wa kwanza aliiangusha Ohio State kwa pointi 24 kwa 12, ilhali wapinzani hao walikuwa mabingwa watetezi walioshinda mechi 22 mfululizo. Wawili hao waliendelea kupambana hadi mwaka 1978. Katika mechi 10, Schembechler alishinda tano, Hayes nne, na moja ikaisha kwa sare.

Walivyofika Columbus

Mattison, aliyekuwa na umri wa miaka 69 alipohama, hakuwa mgeni kwa watu wa Ohio State. Aliwahi kufanya kazi katika Chuo Kikuu cha Florida chini ya Urban Meyer, aliyekuja baadaye kuwa kocha mkuu wa Ohio State. Januari 2007 Florida iliilaza Ohio State hiyo hiyo kwa pointi 41 kwa 14 katika fainali ya ubingwa wa taifa, Mattison akiwa miongoni mwa waratibu wa ulinzi.

Washington, kwa upande wake, alikuwa anarejea nyumbani. Alikulia Columbus, na baba yake aliichezea Ohio State katika miaka ya 1970. Michigan alikuwa amefanya kazi kwa msimu mmoja tu.

Meyer aliachia ngazi baada ya mechi ya tarehe 1 Januari 2019, na nafasi yake ikachukuliwa na Ryan Day. Kocha huyo mpya alirithi ulinzi uliovuja: katika msimu uliokuwa umemalizika, Purdue iliifunga Ohio State pointi 49 kwa 20. Day aliamua kulisuka upya benchi la ulinzi. Mattison alipewa wadhifa wa mratibu mwenza wa ulinzi pamoja na Jeff Hafley.

Anachobeba msaidizi

Hofu ya kwanza ya mashabiki huwa ni siri za mbinu. Wakati huo makocha wa vyuo walituma maelekezo uwanjani kwa ishara za mikono na mabango, kwa kuwa vipokezi vya sauti ndani ya kofia za wachezaji viliruhusiwa mwaka 2024 tu. Hata hivyo, ishara hubadilishwa katika miezi kabla ya msimu kuanza, na kila mechi iliyokwisha kuchezwa imo katika kanda za video ambazo mpinzani yeyote huzichambua.

Kisichobadilika kwa urahisi ni kuwafahamu watu. Msaidizi anajua ni nani huchoka mapema, nani hupandwa na hasira na nani huficha maumivu ya goti. Aidha, yeye ndiye aliyeketi sebuleni na wazazi akiwashawishi wamkabidhi kijana wao.

Hapo ndipo penye machungu zaidi. Mwaka 2019 kocha aliweza kuhama Jumatatu na kuanza kazi Jumanne, lakini mchezaji aliyemfuata kwa kawaida alilazimika kukaa nje ya mashindano kwa mwaka mmoja. Kanuni hiyo ililegezwa mwaka 2021, wachezaji wa kandanda waliporuhusiwa kuhama mara moja bila adhabu hiyo.

Matokeo uwanjani

Tarehe 30 Novemba 2019, Mattison na Washington walirejea Ann Arbor wakiwa upande wa wageni. Ohio State ilishinda kwa pointi 56 kwa 27. Waliokuwa na donge walipata pa kunyooshea kidole, ila shujaa wa siku hiyo alikuwa mshambuliaji J.K. Dobbins, aliyekimbia na mpira jumla ya yadi 211. Wasaidizi wale wawili hawakuwa na mkono katika mashambulizi.

Mechi ya mwaka 2020 ilifutwa kutokana na janga la virusi vya korona, na Mattison akastaafu baada ya msimu huo. Tarehe 27 Novemba 2021, Michigan ililipiza kisasi kwa ushindi wa pointi 42 kwa 27, Washington akiwa bado Ohio State. Miezi michache baadaye, naye alihamia Chuo Kikuu cha Notre Dame.

Hivyo, katika muda wa misimu mitatu, wote wawili walikuwa wameondoka Columbus. Uhasama waliouvuka ulibaki palepale, na vivyo hivyo vijana waliowaandikisha, waliolazimika kumzoea mwalimu mwingine. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa kocha msaidizi, haichukui muda mwenyeji wa jana naye kuwa mgeni mahali pengine.