Muramasa

Muramasa ni jina la mafundi waliofua panga huko Kuwana, Japani, karne ya 16. Husemwa panga zao zina laana juu ya ukoo wa Tokugawa, ukoo wa mashogun (watawala wa kijeshi) wa Japani, kwani mwaka 1535 Matsudaira Kiyoyasu, babu yake Tokugawa Ieyasu, shogun wa kwanza wa ukoo huo, aliuawa, yasimuliwa kwa upanga wa Muramasa. Hoja hiyo haisimami. Kuwana iko karibu na Mikawa, chimbuko la ukoo huo, hivyo panga hizo zilishikwa na wengi. Ieyasu mwenyewe alimiliki mmoja, uliohifadhiwa Nagoya. Hata hivyo, atakayeipuuza hekaya hiyo atakosea: karne ya 19 wapinzani wa mashogun hao walizisaka panga hizo kwa shauku, na waghushi wakachonga jina Muramasa kwenye chuma kinachozama ndani ya mpini.