Elimu Bure Yahitaji Usalama

Mwaka 1972, wanafunzi na walimu wengi nchini Burundi walikamatwa shuleni na kuuawa, nao askari walishiriki. Kwa miaka mingi baadaye wazazi wengi waliogopa kupeleka watoto shule. Vita vilivyoanza 1993 vikazidisha umaskini.

Tarehe 26 Agosti, 2005, alipoapishwa mjini Bujumbura, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza elimu ya msingi bila ada. Mei 2006 yakafuata matibabu ya bure kwa watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua. Watu walifurika, walimu, wauguzi na dawa havikutosha.

Upungufu huo huzibwa kwa bajeti. Hofu haizibwi hivyo. Kuiondoa mlangoni mwa shule ni wajibu wa mwanajeshi na polisi.