Nani Anahesabiwa Barabarani?

Wadau, kuna swali ambalo huwa hatuliulizi barabara mpya inapozinduliwa: aliyeichora alijuaje ni wangapi wanapita pale? Jibu ni rahisi, kuna mtu alihesabu. Lakini alihesabu nini? Hapo ndipo penye mambo.

Tuanzie Ufaransa. Mwaka 1844 wahandisi wa serikali walianza kuhesabu msongamano katika barabara kuu za nchi nzima. Kipimo chao kilikuwa mnyama aliyefungwa kwenye gari au mkokoteni. Kwa nini mnyama? Kwa sababu kadiri wanavyopita wengi ndivyo barabara inavyochakaa, na mhandisi alitaka kujua matengenezo yatadai nini. Mwenda kwa miguu haharibu barabara, kwa hiyo hakuwa na uzito kwenye daftari.

Mwaka 1845 mhandisi mwenzao, Charles Joseph Minard, alichora ramani ya wasafiri wa magari ya farasi kati ya Dijon na Mulhouse. Palikuwa na ubishi kuhusu reli ipite wapi. Minard akafanya upana wa mstari uwe ndiyo idadi ya wasafiri: penye watu wengi mstari mnene, penye wachache mstari mwembamba. Kumbe takwimu ikichorwa vizuri inaingia moja kwa moja kwenye mjadala wa wapi serikali imwage fedha!

Karne ya 20 ikaleta magari na mashine za kuyahesabu. Mojawapo ni mpira unaolazwa kukatisha barabara: tairi likiukanyaga, hewa inasukumwa na mashine inaongeza hesabu. Mashine hiyo inahesabu ekseli. Baiskeli huipita kirahisi bila kuandikwa, na mama mwenye beseni la ndizi kichwani ndiyo kabisa, hayupo.

Turuke hadi Seattle, Marekani. Oktoba 2012 jiji lile lilifunga kihesabio cha baiskeli kwenye daraja la Fremont, nyaya zikafukiwa katika njia za pembeni. Kilicho kipya hapo ni kwamba hesabu ya kila saa iliwekwa kwenye intaneti, yeyote aichukue bure. Hiyo ndiyo data huria.

Faida yake ilionekana mapema. Mwaka 2014 Jake VanderPlas, mtaalamu wa elimu ya nyota, alizichukua takwimu zile akauliza: waendesha baiskeli wanaongezeka kweli, au ni hali ya hewa tu? Akaondoa athari za mvua, joto, urefu wa mchana na siku za wiki. Ongezeko likabaki. Hakuomba kibali wala barua ya utambulisho. Ila angalieni: nyaya zile zilihesabu baiskeli tu. Mtembea kwa miguu bado alipita bila kuandikwa.

Mwaka 2019 mji wa Leuven, Ubelgiji, ukaenda mbele zaidi na mradi wa Telraam. Mwananchi anabandika kamera ndogo kwenye dirisha la nyumba yake, nayo inahesabu watembea kwa miguu, baiskeli na magari. Picha hazihifadhiwi, zinatumwa namba tu, na kila mtu anaziona. Sasa mkazi anaweza kwenda kwenye kikao cha mtaa na namba zake mkononi.

Na huku kwetu Afrika Mashariki? Nairobi imeshaonyesha kwamba inawezekana. Wanafunzi walipanda matatu na simu zao mkononi wakarekodi njia na vituo, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na vyuo vya Marekani vya MIT na Columbia. Mwaka 2014 data ile ikawekwa hadharani. Mwaka 2015 jiji hilohilo likapitisha sera ya kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa ajili ya watembea kwa miguu, baiskeli na usafiri wa umma.

Asilimia 20 ni rahisi kuiandika. Lakini itapelekwa barabara ipi kwanza? Na mwananchi atajuaje kama imefika, ikiwa hesabu ya wanaotembea haipo, au ipo kwenye kabati la ofisi? Njia ya miguu isiyo na takwimu ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti ikipungua. Hakuna atakayeitetea kwa namba.

Wewe je, asubuhi ulipovuka barabara, kuna aliyekuhesabu?