Nyumba na Ujirani Katika Nchi ya Kilosa na Mikumi

Wengine watawaelezeni habari za makanisa na shule. Sisi twapenda kuwakumbusheni habari za nyumba za watu wetu: jinsi zilivyojengwa, jinsi zilivyopotea siku za shida, na nani aliyemsaidia mwenziwe kuzisimamisha tena.

Hapo kale wazee wetu, Wakaguru, Wasagara na Wavidunda, hawakununua nyumba. Miti ilitoka porini, udongo chini ya miguu, nyasi bondeni. Mwenye kujenga aliandaa chakula na pombe, akaita jirani zake, nao wakaja. Siku nyingine naye akaenda kwao. Deni lake lilikuwa kazi, wala halikuwa fedha.

Kisha ikaja reli. Ilifika Morogoro mwaka wa 1907, ikapita Kilosa, hata mwaka wa 1914 ikafika Kigoma. Mashamba ya mkonge yakaenea Kilosa na Kimamba, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta mshahara. Hao walilala katika kambi za shamba, nazo hazikuwa mali yao. Bei ya mkonge ilishuka sana miaka ya 1930, ikashuka tena katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za viwandani ziliposhindana nao. Basi twajifunza ya kwamba asiye na kiwanja chake huumizwa mara mbili soko likianguka: mshahara hukoma, na kitanda hutolewa nje.

Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka wa 1962, lakini nyumba zake nyingi zilijengwa mijini. Huku vijijini, kati ya 1973 na 1976, watu wengi walihamishwa wakae pamoja. Wengine walipata shule karibu. Wengine waliacha nyumba nzuri na miembe ya baba zao. Tusifiche hata moja la hayo mawili. Na baada ya vita vya Kagera, bati na saruji zikawa adimu nchini.

Katika siku hizo ngumu, mwaka wa 1986, chama cha Habitat for Humanity, kisichotafuta faida, kiliingia Tanzania. Millard Fuller na mkewe Linda, Wamarekani, walikuwa wameijaribu kazi hiyo Mbandaka, katika Zaire, tangu 1973, ndipo wakaanzisha chama kwao mwaka wa 1976. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa hii: nyumba si sadaka. Mwenyewe alifanya kazi kwa mikono yake pamoja na jirani, akalipa gharama kidogo kidogo bila riba, na fedha hizo zikajenga nyumba ya mwingine. Wazee wetu wangaliitambua mara moja, kwa maana ni deni lile lile litembealo kutoka mlango hata mlango. Lakini asiyelipa humnyima jirani angojaye.

Wengi wetu twakumbuka mwisho wa Desemba 2009, mto Mkondoa ulipovunja kingo zake. Watu zaidi ya 20,000 walipatwa na msiba, na reli ikakatika. Msalaba Mwekundu ulileta mahema, nasi twashukuru. Lakini hema huzuia mvua tu. Haliwezi kuwa nyumba. Aliyeketi ndani yake alijiuliza: Nirudi ukingoni penye shamba langu, au nipande juu nisikokuwa na kiwanja? Maskini hurudi mtoni akijua hatari yake, kwa kuwa huko ndiko kuliko chakula cha watoto. Na Mikumi nako, mji una barabara kuu upande mmoja na mpaka wa hifadhi, iliyowekwa mwaka wa 1964, upande mwingine. Mji haukui kama upendavyo.

Kwa hiyo, walimu, waambieni watoto wawaulize wazee maji yalifika wapi, na nyumba zipi zilisimama, wakayaandike. Nanyi ndugu wa mitaa, msingoje mafuriko ndipo mjuane. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akijenga mjane juu ya kilima, twende na majembe yetu. Maana ukuta wa udongo huyeyuka, bali jirani aliyekuja siku ya taabu hasahauliki.